Usinunue ng'ombe kwa rangi: Kijana wa Pwani, uliza aina, umri na kilo

Fungua simu yako sasa hivi uandike "ng'ombe wa maziwa". Unajua utakachokiona. Friesian mweusi kwa mweupe, kiwele kama mtungi, amesimama kwenye majani mabichi huko kwenye baridi, na chini ya picha maandishi: lita 30 kwa siku, piga simu. Ukiwa kijana wa Kisauni, Likoni au Changamwe mwenye vijisenti vya kuanzia maisha, picha hiyo inakuingia. Unaanza hesabu. Lita 30 mara bei ya maziwa hapa mtaani, mara siku 30 za mwezi. Kabla hujamaliza, kichwani ushajenga nyumba.

Ngoja kidogo, yakhe. Hesabu hiyo imeruka maswali mawili. La kwanza, ng'ombe huyo ni wa aina gani? La pili, alipandishwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, na kilo ngapi? Haya mawili ndiyo yanayoamua kama utauza maziwa au utakaa miaka ukimnunulia chakula mnyama asiyekupa kitu.

Mimi si daktari wa mifugo, na chuo chenyewe niliachia njiani. Ila najua mtaji wa watu wa rika letu ulivyo. Ni ule wa kwanza, na mara nyingi ndo wa mwisho. Ni akiba ya bodaboda, mkopo wa chama, au pesa mama aliyouzia kiploti. Ukiutia kwa ng'ombe asiyefaa, hakuna raundi ya pili. Kwa hivyo tuongee kwa takwimu, si kwa picha.

Soko si tatizo

Tuanze na habari njema. Mombasa hunywa maziwa mengi kuliko yanayokamuliwa hapa Pwani. Ndiyo maana malori yanashuka kutoka bara kila siku yakiwa na maziwa ya pakiti. Chai ya maziwa haikosekani kwa mama wa mahamri asubuhi, na maziwa ya mgando yana wenyewe. Ukiwa na lita 8 safi kila asubuhi pale Mtongwe, Mwakirunge au Miritini, huna haja ya kuvuka feri wala daraja la Nyali. Wateja watakufuata hapo hapo mlangoni.

Kwa hivyo tatizo si kuuza. Tatizo ni kumfikisha ng'ombe mahali pa kutoa maziwa, mapema, kwa gharama unayoiweza, kwenye joto hili letu.

Joto halisomi tangazo

Ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya hujisikia vizuri kwenye hewa ya nyuzi 5 hadi 25 hivi. Sasa wewe unaishi Mombasa. Wastani wa joto letu mwaka mzima unazidi hiyo 25, na wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33, tena na unyevu wa bahari juu yake. Unajua vile wewe mwenyewe unakosa hamu ya kula saa nane mchana? Ng'ombe ni hivyo hivyo, ila yeye ana tanuri tumboni. Akisaga chakula anazalisha joto, kwa hivyo akizidiwa anapunguza kula. Akipunguza kula, mtamba hakui na mama anapunguza maziwa. Hata kushika mimba kunakuwa kazi.

Mtamba, kwa asiyelijua neno, ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Shika neno hilo, manake hadithi yote ya leo ni yake.

Friesian ndiye mkubwa kuliko wote wanaofugwa sana Kenya kwa maziwa, na mwili mkubwa unaozalisha maziwa mengi huzalisha joto jingi pia. Jersey ni mdogo, rangi ya kahawia, anakula kidogo kuliko Friesian na anavumilia joto zaidi. Maziwa yake ni machache kwa lita lakini mazito, mafuta yake yanakaribia asilimia 5, huku ya Friesian yakiwa kama asilimia 3.5. Kwa mgando na samli, hiyo ni tofauti unayoionja. Ayrshire yuko katikati yao.

Halafu kuna Sahiwal. Huyu ni mwenye nundu, mwekundu, aliyetoka Bara Hindi na kuletwa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Kundi lake la taifa liko Naivasha. Joto halimsumbui sana na kupe anawavumilia, ila peke yake hawezi kumfikia Friesian kwa maziwa. Na kuna zebu wetu wa kienyeji, mgumu kama jiwe la matumbawe. Huyo hukupa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya, na mara nyingi huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu au zaidi.

Yote haya watu wameshayapima, tena hapa hapa kwetu. Kule Kilifi, kama kilomita 60 kaskazini ya Mombasa, shamba la Kilifi Plantations lilichanganya Ayrshire, Brown Swiss na Sahiwal kwa miaka mingi, likaweka rekodi za kila ng'ombe. Watafiti walipozichambua rekodi hizo miaka ya 1990, hawakuangalia maziwa ya mwaka mmoja tu. Waliangalia na yale ambayo ng'ombe hutoa maisha yake yote. Faida ya uchotara ilionekana. Ukichanganya damu mbili zilizo mbali, mtoto hupata nguvu ambayo wazazi kila mmoja peke yake hana. Anachukua maziwa kwa mama wa Ulaya na uvumilivu kwa baba wa Sahiwal.

Wenzetu wa Tanga, upande wa pili wa mpaka, wana joto kama letu na unyevu kama wetu. Tangu miaka ya 1980 wafugaji wadogo wa huko walijenga biashara yao ya maziwa kwa ng'ombe chotara. Hata hapa kwetu, mradi wa kitaifa wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi ulipoleta ufugaji wa bandani Kilifi na Kwale miaka hiyo hiyo, ulikuta swali ni lile lile: ng'ombe gani ataishi hapa, ale kinachopatikana hapa, na bado akamuliwe?

Sisemi Friesian ni haramu Pwani. Mwenye banda la hewa nzuri, maji ya kutosha, nepia yake mwenyewe na pesa ya chakula cha dukani anaweza kumfuga. Nauliza tu: wewe unavyo vyote hivyo?

Ng'ombe hapandishwi kwa kalenda

Sasa tuje kwenye umri. Wengi wanauliza, "Apandishwe akiwa na miezi mingapi?" Jibu la vitabuni ni miezi 14 au 15. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 280, yaani miezi tisa na ushee, kwa hivyo anazaa akifika miaka miwili. Hilo ni lengo zuri. Ila mwili hausomi kalenda. Mtamba yuko tayari akifikisha kama asilimia 55 hadi 60 ya uzani atakaokuwa nao akikomaa.

Hapo ndipo aina na umri vinapokutana. Jersey aliyekomaa ana kama kilo 400, kwa hivyo mtamba wake yuko tayari akiwa na kilo 240 hivi. Friesian aliyekomaa anafika kilo 570 hivi, kwa hivyo wake anahitaji kama 340. Chotara wa Ayrshire na Sahiwal, tumchukulie kilo 430, atahitaji kama 260.

Tuwape wote watatu maisha ya mtaani kwetu: nyasi za kukata kando ya barabara, mabua ya mahindi, pumba kidogo. Tuseme kila mmoja anaongeza gramu 400 kwa siku. Friesian kazaliwa na kilo 40, kwa hivyo anatafuta kilo 300 zaidi. Hizo ni siku 750, yaani miezi 25. Chotara kazaliwa na kilo 28, anatafuta 232, siku 580, miezi 19. Jersey kazaliwa na kilo 25, anatafuta 215, siku kama 540, miezi 18.

Ongeza miezi tisa ya mimba. Jersey anazaa akiwa na miezi 27, chotara 28, Friesian wako wa kwenye tangazo 34. Na hapo tumemhurumia, manake Friesian mwili wake mkubwa unakula zaidi ili tu usimame, kabla hata ya kukua. Akifuata kalenda, azae na miezi 24, anahitaji kuongeza gramu 650 kila siku bila kukosa. Utazipata Januari hadi Machi, nyasi zote za Utange zimekauka?

Mwezi mmoja ni pesa ngapi?

Chukua mfano rahisi. Tuseme mtamba anakugharimu shilingi 200 kwa siku, chakula, maji, dawa na jasho lako. Mwezi ni 6,000. Aliyechelewa miezi kumi amekula shilingi 60,000 na hajakupa hata kikombe. Badilisha hiyo 200 uweke gharama yako ya kweli, hesabu ni ile ile.

Hasara ya pili haionekani haraka. Tuseme ng'ombe wako utamtoa akifika miaka minane, na anazaa kila miezi 14. Aliyezaa mara ya kwanza na miezi 24 amebakisha miezi 72, anakupa misimu mitano ya kukamuliwa. Aliyepandishwa akiwa na miezi 30 akazaa na 39, amebakisha miezi 57, anakupa minne. Msimu mzima wa maziwa umepotea pamoja na ndama wake, na ndama huyo pengine angekuwa jike. Kwa mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba pale Chaani, ndama jike ndiye ng'ombe wa pili.

Kuwahi nako kuna adhabu

Sasa usije ukasikia "mapema" ukakimbilia kumpandisha mtoto. Jike anaweza kuanza kutaka dume akiwa na miezi tisa tu ikiwa amelishwa vizuri, kabla mwili haujawa tayari. Ukimpandisha mdogo, nyonga ni nyembamba, ndama anakwama, na unaweza kuwapoteza wote wawili usiku mmoja. Akinusurika, chakula kinagawanyika: yeye bado anakua na hapo hapo anatakiwa atoe maziwa. Maziwa yanakuwa kidogo, mwili unakonda, na mimba ya pili inachelewa. Ulichookoa mwanzo unakilipa mwishoni.

Kwa hivyo pima. Mizani ya ng'ombe huna, sawa. Kuna utepe maalumu unaozungushwa kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ukakusomea kilo kwa makadirio. Maduka ya dawa za mifugo wanao, na hauvunji benki. Pima kila mwezi, andika kwenye daftari. Ukiona miezi miwili kilo hazisongi, shida iko kwenye chakula, minyoo au kupe, na bado una muda wa kurekebisha.

Maziwa yanaanza kwa ndama

Hapa ndipo wafugaji wengi wa mjini wanajiumiza bila kujua. Ndama anazaliwa, maziwa yana wateja mlangoni, basi ndama ananyimwa ili yauzwe. Unapata pesa ya leo, unauza mtamba wa kesho. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, lazima ayapate ndani ya saa sita za kwanza, kwa sababu ndiyo kinga yake. Baada ya hapo apewe maziwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzani wake kila siku, aanze kuonjeshwa chakula kigumu mapema, na maji safi yawepo muda wote.

Pwani pia ina chakula chake. Mashudu ya mbata yana protini. Majani ya lukina na gliricidia yamefanyiwa utafiti miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Mtwapa, hapo tu ukivuka daraja, na unaweza kuyapanda kama ua la kiwanja. Nepia ya masika ukate na kuhifadhi, ikufae kaskazi. Banda lielekezwe upepo wa bahari upite, paa liwe juu, makuti ni bora kuliko bati tupu. Mlishe asubuhi na mapema na jioni jua likishapoa. Hivi ndivyo zile gramu zinavyopatikana.

Na kupe usimdharau. Homa ya kupe, wengine huiita ndigana kali, huua ndama wengi Pwani. Asiyekufa anapoteza wiki nyingi za kukua, na kila wiki inasukuma mbele siku ya kupandishwa. Kuna chanjo yake iliyobuniwa Muguga, hapa hapa Kenya. Muulize daktari wa mifugo wa eneo lako. Ukiwa upande wa Likoni na unakata nyasi kuelekea Kwale, uliza na kuhusu mbung'o.

Siku yenyewe ikifika

Kilo zimetimia. Sasa unamsubiri mtamba aonyeshe dalili, na dalili hurudi kila siku 21 hivi. Kwenye joto letu dalili huwa fupi na mara nyingi huja usiku au alfajiri. Ukiwa na ng'ombe wengi utaona anapandwa na wenzake akatulia. Ukiwa na mmoja, hana wa kumpanda, kwa hivyo angalia vitu vingine: analia bila sababu, hatulii, anaacha chakula, na nyuma anatoa ute mwangavu kama weupe wa yai. Ukiona asubuhi, apandishwe jioni. Ukiona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukipitwa, umengoja siku 21 nyingine. Kwa mfano wetu, shilingi 4,200 zimekwenda.

Mbegu ya sindano ni bora kuliko dume wa jirani. Kwanza hukwepi tu magonjwa, bali unajua baba ni nani. Dume mmoja wa mtaa akizunguka miaka mitano, atampanda binti yake mwenyewe na hutajua. Kituo cha taifa cha Kabete kimekuwa kikitoa mbegu tangu 1946, na siku hizi zinauzwa pia zilizochaguliwa zizae jike, kwa bei ya juu, nazo hupatia kama mara tisa kwa kumi. Ila kwa mzao wa kwanza mwambie mtaalamu wazi: nataka dume anayezalisha ndama wadogo. Mtamba mdogo wa Jersey au chotara wa zebu usimtilie mbegu ya Friesian mkubwa kwa tamaa. Na uandike tarehe pamoja na namba ya dume kabla mtaalamu hajawasha pikipiki yake.

Kabla hujatuma pesa

Ukimpigia yule wa kwenye tangazo, usianze na bei. Uliza hivi. Alizaliwa tarehe ngapi, na imeandikwa wapi? Ana kilo ngapi leo? Kama ana mimba, alipandishwa lini, kwa mbegu ya dume gani, na nani alimpima? Amekulia wapi, kwenye baridi au kwenye joto na kupe kama hizi zetu? Amechanjwa nini? Kibali cha kumsafirisha kutoka kaunti hiyo kinatolewa na ofisa gani wa mifugo? Na kabla ya yote hayo, kaunti yetu inaruhusu ng'ombe kwenye kiwanja chako?

Akijibu "we njoo tu uone mwenyewe, ng'ombe ni mzuri", kata simu.

Ukiniuliza mimi, mwenye pesa ya mtamba mmoja pale Kiembeni au Mrima atafute chotara au Jersey aliyekulia Pwani, ambaye bado hajapandishwa, ili kilo zake azisimamie mwenyewe. Hatatoa lita 30, na picha yake haitapata mioyo mingi mtandaoni. Ila ukimlisha vizuri atazaa akiwa na miaka miwili na miezi michache, atashika tena, na maziwa yake yatafika kwenye chai ya jirani kila asubuhi. Kwa mtaji wetu sisi, huyo ndiye ng'ombe.